Kifo kinachoulinda mwili: Kwa nini seli za kinga huamriwa kujiua

Kila siku mabilioni ya seli katika mwili wa binadamu mwenye afya njema hufa bila ya maumivu, bila ya homa na bila ya mwenyewe kujua. Nyingi kati ya hizo hazifi kwa ajali wala kwa maradhi. Hufa kwa amri, zikifuata maagizo yaliyoandikwa ndani ya jeni zao wenyewe.

Hakuna pahala ambapo amri hiyo ina uzito mkubwa kama katika mfumo wa kinga, na hasa kwa zile chembe nyeupe za damu ziitwazo seli T. Seli T zisipokufa kwa wakati wake, huweza kuugeukia mwili na kuushambulia, au kuzaana ovyo hadi zikawa saratani. Zikifa kupita kiasi, kama inavyotokea kwa mtu mwenye virusi vya ukimwi asiyepata tiba, mwili hubaki kama nyumba isiyo na mlango.

Kwa watu wa Afrika Mashariki, jambo hili haliko mbali katika maabara za nchi za nje. Mganga anayesoma hesabu ya CD4 katika zahanati, mfugaji anayemwona ndama wake amevimba tezi kwa ndigana, na mzazi ambaye mtoto wake anatibiwa saratani ya damu, wote wanakabiliwa na swali moja: seli zipi zife, zipi zibaki, na nani mwenye kutoa amri?

Majani yanayopukutika

Jina la kitaalamu la kifo hicho cha kuamriwa ni apoptosisi. Lilianza kutumika mwaka 1972 katika makala ya watafiti watatu, John Kerr wa Australia na wenzake Andrew Wyllie na Alastair Currie, ambao kazi yao iliwakutanisha katika Chuo Kikuu cha Aberdeen, Scotland. Neno lenyewe ni la Kigiriki, na walipendekezewa na James Cormack, profesa wa lugha hiyo chuoni hapo. Maana yake ni kupukutika, kama majani yanavyopukutika mtini.

Anayeujua mbuyu ataielewa tashbihi hiyo bila ya kufafanuliwa zaidi. Wakati wa kiangazi mbuyu huangusha majani yake yote, na hakuna asemaye kwamba mti umekufa. Mti umeyaacha majani ili wenyewe upate kuishi.

Watafiti hao walitambua kwamba seli hufa kwa namna mbili zilizo tofauti kabisa. Seli iliyounguzwa, iliyopondwa au iliyokosa damu huvimba na kupasuka. Yaliyomo ndani humwagika, na sehemu hiyo ya mwili hupata uvimbe, joto na maumivu.

Seli inayokufa kwa apoptosisi hufanya kinyume chake. Hujikunja na kuwa ndogo, hujitenga na jirani zake, huikatakata DNA yake vipande vipande, kisha hugawanyika kuwa vifurushi vidogo vilivyofungwa vizuri. Juu ya utando wake hutokeza alama maalumu inayowaita walaji, yaani seli nyingine za kinga ambazo kazi yake ni kumeza taka. Vifurushi humezwa kabla ya kupasuka, na mahali hapo hapabaki hata kovu.

Kwamba kifo hicho kinaongozwa na jeni kulithibitishwa kwa kumchunguza mnyoo mdogo wa udongoni, Caenorhabditis elegans, ambaye urefu wake ni milimita moja tu. Aliyemchagua mnyoo huyo kwa utafiti katika miaka ya 1960 ni Sydney Brenner, mwanasayansi mzaliwa wa Germiston, Afrika Kusini, aliyekuwa akifanya kazi Cambridge, Uingereza. Mwenzake, John Sulston, aliifuatilia kila seli ya mnyoo huyo tangu yai hadi utu uzima. Mwili wa mnyoo hutengeneza seli 1,090, na kati ya hizo 131 hufa, zile zile kila mara na kwa wakati ule ule.

Robert Horvitz, wa Marekani, ndiye aliyezigundua jeni zinazotoa amri hiyo. Baadaye ikadhihirika kwamba binadamu anazo jeni za ukoo huo huo. Mwaka 2002 wanasayansi hao watatu walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Mtihani wa tezi ya thaimasi

Seli T huzaliwa zikiwa changa ndani ya uboho wa mifupa, kisha husafiri hadi kwenye tezi iitwayo thaimasi, iliyoko nyuma ya mfupa wa kidari, juu kidogo ya moyo. Herufi T katika jina lake imetokana na tezi hiyo. Kwa muda mrefu madaktari waliidhani kuwa tezi isiyo na kazi, mpaka mwaka 1961 ambapo Jacques Miller, akiwa London, alionyesha kwamba panya aliyeondolewa thaimasi mara tu baada ya kuzaliwa hukua bila ya kinga ya kutosha na hufa kwa maradhi.

Ndani ya thaimasi, kila seli T changa huzichanganya sehemu za jeni zake kwa bahati nasibu na kujitengenezea kipokezi, yaani kifaa cha kutambulia adui. Kwa kuwa mchanganyiko ni wa kubahatisha, hupatikana vipokezi vya mamilioni ya namna mbalimbali. Hiyo ndiyo sababu mwili unaweza kukitambua hata kirusi ambacho hakijawahi kuonekana duniani.

Lakini bahati nasibu ina hatari yake. Baadhi ya vipokezi havitambui kitu chochote, na baadhi huitambua miili yetu wenyewe kana kwamba ni adui. Kwa hiyo thaimasi huziweka seli hizo katika mtihani wa hatua mbili.

Katika hatua ya kwanza, seli hutakiwa kuonyesha kwamba zinaweza kusoma alama za utambulisho zilizo juu ya seli za mwili. Zisizoweza hazipati ishara ya kuendelea kuishi, na hufa kwa kuachwa tu. Walio wengi huishia hapo.

Katika hatua ya pili, seli zilizosalia huonyeshwa protini za mwili wenyewe. Ile inayozing'ang'ania kwa nguvu huamriwa kujiua, ingawa chache kati yake hubadilishwa kuwa seli T za usimamizi, ambazo kazi yake ni kuzituliza nyingine. Katika kila seli 100 zinazoingia kwenye mtihani huo, inakadiriwa kwamba zinazotoka salama hazizidi 5.

Swali lililowasumbua watafiti ni hili: tezi iliyoko kifuani itazionyeshaje seli hizo protini za kongosho, za macho au za figo? Jibu lilitokana na jeni iitwayo AIRE, iliyotambuliwa mwaka 1997. Jeni hiyo huziwezesha baadhi ya seli za thaimasi kutengeneza kiasi kidogo cha protini ambazo kwa kawaida hupatikana katika viungo vingine tu, kama insulini. Hivyo seli T huonyeshwa sampuli ya mwili mzima bila ya kutoka nje ya chumba cha mtihani.

Watu wachache wanaozaliwa na hitilafu katika jeni ya AIRE huonyesha gharama ya mtihani uliovurugika. Seli zilizopaswa kufa hupita, na baada ya miaka michache huanza kuziharibu tezi muhimu, moja baada ya nyingine. Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako, na hapo msemo huo huwa na maana ya kitabibu.

Vita vikiisha

Seli T zilizofaulu huingia katika damu na kukaa kwenye matezi, zikingoja. Kirusi kikiingia, zile chache zinazokitambua huanza kugawanyika kwa kasi kubwa. Katika muda wa wiki moja hivi, seli moja huweza kuzaa maelfu. Ndiyo maana tezi za shingoni au kwapani huvimba mtu anapougua.

Sehemu ya jeshi hilo ni seli T zenye kuua. Hizo huigusa seli iliyoambukizwa, hutoboa utando wake kwa protini iitwayo perforini, na kupitia hapo huingiza vimeng'enya viitwavyo granzimu. Vimeng'enya hivyo haviilipui seli, huiwashia ile ile programu ya apoptosisi iliyo ndani yake, ikajimaliza yenyewe pamoja na virusi vilivyomo.

Adui akishashindwa, huzuka tatizo jipya: mwili una jeshi kubwa, lenye silaha, lisilo na kazi. Jeshi hilo likiachwa, litakula chakula cha wengine na huenda likazigeukia seli zisizo na hatia. Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Kwa hiyo katika wiki zinazofuata, kati ya asilimia 90 na 95 ya seli hizo hufa kwa apoptosisi.

Zinazobaki, kiasi cha asilimia 5 hadi 10, hugeuka kuwa seli za kumbukumbu, na huweza kuishi miaka mingi. Adui yule yule akirudi, huzikuta tayari. Seli T za kumbukumbu zimepatikana katika damu ya watu waliochanjwa homa ya manjano miongo kadhaa nyuma. Kumbukumbu ya kinga dhidi ya ugonjwa huo hudumu kiasi kwamba tangu Julai 2016 cheti cha chanjo yake, ile kadi ya manjano wanayoijua wasafiri, kinahesabiwa kuwa halali kwa maisha yote ya aliyechanjwa.

Njia mbili za amri

Amri ya kujiua huifikia seli T kwa njia mbili.

Njia ya kwanza hutoka ndani. Katika kila seli zimo mitokondria, ambazo ni kama vinu vya nishati. Vinu hivyo hulindwa na protini iitwayo Bcl-2. Mwaka 1988 watafiti wa Melbourne, Australia, David Vaux, Suzanne Cory na Jerry Adams, waligundua kwamba kazi ya protini hiyo ni kuizuia seli isife, tofauti na jeni nyingine za saratani zilizojulikana wakati huo, ambazo huichochea seli kugawanyika.

Maadamu vita vinaendelea, seli T hupata ishara za kuitia nguvu. Maambukizi yakiisha, ishara hizo hupungua, na protini nyingine iitwayo Bim huishinda Bcl-2. Kuta za mitokondria hutoboka na kuvujisha saitokromu c. Mwaka 1996 maabara ya Xiaodong Wang nchini Marekani ilionyesha kwamba kuvuja huko ndiko kunakoviamsha vimeng'enya viitwavyo kaspesi, ambavyo huikata seli kutoka ndani kama mkasi. Vikishaamka, kurudi nyuma ni vigumu mno.

Njia ya pili hutoka nje. Juu ya seli T iliyowahi kupigana hutokeza kipokezi kiitwacho Fas. Seli nyingine ikikigusa kwa protini inayooana nacho, kama ufunguo katika kufuli, kaspesi huamka papo hapo. Kipokezi hicho kilifichuliwa mwaka 1989 na makundi mawili yaliyofanya kazi mbalimbali, moja nchini Japani na jingine nchini Ujerumani. Seli T zinazochochewa mara kwa mara, hasa zile zinazokutana kila siku na protini za mwili wenyewe, huuawa zaidi kwa njia hii.

Umuhimu wa Fas ulidhihirika kwa watoto. Mwaka 1967 madaktari nchini Marekani walikuwa wameeleza habari za watoto waliovimba tezi za shingo na kwapa pamoja na wengu, huku kinga yao ikiziangamiza chembe zao wenyewe za damu. Sababu haikujulikana kwa karibu miaka 30. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani na wa Ufaransa walionyesha kwamba watoto wa aina hiyo wana hitilafu katika jeni ya Fas. Seli zao T hupata amri ya kufa, lakini haziwezi kuisikia.

Ugonjwa huo ni nadra, na tezi nyingi zinazovimba husababishwa na maambukizi ya kawaida, kifua kikuu au maradhi mengine. Hata hivyo, watoto hao wachache walitoa ushahidi ambao haukuweza kupatikana kwa panya peke yao: binadamu asiye na kifo hiki hawezi kuwa mzima.

Ukimwi: Seli zinapojiua kupita kiasi

Upande wa pili wa mizani unafahamika mno katika Maziwa Makuu. Mwaka 1985 madaktari wa Uganda na wenzao wa Uingereza walieleza katika jarida la Lancet ugonjwa uliokuwa ukiwakondesha na kuwaua watu wa wilaya ya Rakai, ambao wananchi walikuwa wameupa jina la Slim. Wagonjwa walikuwa na virusi ambavyo leo hujulikana kama virusi vya ukimwi.

Virusi hivyo huzilenga seli T zenye alama iitwayo CD4, ambazo ndizo zinazoongoza na kuzihimiza seli nyingine za kinga. Mtu mzima mwenye afya huwa na seli hizo kati ya 500 na 1,500 katika milimita moja ya ujazo ya damu. Zikishuka chini ya 200, mgonjwa huhesabiwa kuwa amefikia hatua ya ukimwi, na maradhi ambayo mwili wenye kinga huyadhibiti kwa urahisi humwandama.

Kilichowashangaza watafiti tangu mapema ni kwamba seli nyingi zinazokufa hazikuwa zimetekwa na virusi kikamilifu. Mwaka 1991 wanasayansi wa Ufaransa, Jean Claude Ameisen na André Capron, walitoa hoja kwamba huenda seli hizo zinajiua zenyewe kwa apoptosisi.

Picha ikawa wazi zaidi mwaka 2014, pale kundi la Warner Greene katika Taasisi za Gladstone, San Francisco, lilipochunguza tishu za wengu na za tezi za kooni. Liligundua kwamba zaidi ya asilimia 95 ya seli za CD4 zinazokufa katika tishu hizo ni zile ambazo kirusi kilijaribu kuziingia kikashindwa kukamilisha kazi yake. Seli huhisi mabaki ya DNA ya kirusi ndani yake, ikajiua kwa kujihami.

Namna ya kifo hicho, hata hivyo, haikuwa ile ya kimya. Ilikuwa ni pairoptosisi, neno lenye asili ya Kigiriki linalohusiana na moto. Seli hulipuka na kumwaga kemikali za uchochezi, nazo kemikali hizo huziita seli nyingine za CD4 zije kusaidia. Zinazokuja hukutana na virusi, hufa vivyo hivyo, na kuita nyingine. Kinga hujimaliza kwa kujaribu kujilinda.

Ufahamu huo unasaidia kueleza kwa nini kuchelewesha tiba kuna madhara. Dawa za kupunguza makali hukizuia kirusi kisizaane, na kwa hivyo huukata mzunguko huo. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipendekeza dawa zianzwe CD4 zikifikia 350, mwaka 2013 likapandisha kiwango hadi 500, na mwaka 2015 likapendekeza kila mwenye virusi aanzishiwe dawa bila ya kujali hesabu yake.

Ndigana: Kimelea kinachozuia kifo

Kama virusi vya ukimwi huzifisha seli T, kipo kimelea cha Afrika kinachofanya kinyume chake kabisa. Huyo ni Theileria parva, anayeenezwa na kupe wa masikio, na ambaye husababisha ndigana kali. Kwa Kiingereza ugonjwa huo huitwa homa ya Pwani ya Mashariki, kwa kuwa mwanzoni mwa karne ya 20 uliingia kusini mwa Afrika pamoja na ng'ombe waliosafirishwa kutoka Afrika Mashariki. Kimelea chenyewe kimepewa jina la Arnold Theiler, daktari wa mifugo aliyefanya kazi Afrika Kusini.

Kimelea hicho huingia ndani ya chembe nyeupe za ng'ombe, hasa seli T, na kufanya jambo ambalo ni vimelea vichache tu vilivyolimudu kwa kiwango hicho. Huigeuza seli iwe kama ya saratani. Seli hugawanyika bila ya kukoma, na kimelea hugawanyika pamoja nayo, kila seli mpya ikirithi sehemu yake.

Seli ya kawaida ikivurugwa namna hiyo hujiua. Ya ng'ombe mwenye ndigana haijiui. Mwaka 2002 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, walieleza kwamba kimelea huvikusanya juu ya mwili wake vimeng'enya vinavyoiwasha ishara ya uhai ndani ya seli, na kuiacha ikiwaka muda wote. Tezi za mnyama huvimba, homa hupanda, mapafu hujaa maji, na ng'ombe asiyetibiwa huweza kufa katika muda wa wiki chache.

Ushahidi kwamba kimelea ndicho kinachoizuia amri ni huu: kikiuawa kwa dawa ya buparvakwoni, seli ile ile iliyokuwa ikizaana kama saratani huacha kugawanyika, na baadaye hufa kwa apoptosisi. Hali hiyo imewavutia hata wataalamu wa saratani ya binadamu, kwani ni nadra kuona seli iliyopotoka ikirejeshwa kwenye utii kwa dawa moja.

Ng'ombe anayepona huwa na kinga ya muda mrefu, na kinga hiyo hutegemea seli T zenye kuua, ambazo huziamrisha seli T zilizotekwa zijiue. Chanjo iliyobuniwa katika miaka ya 1970 huko Muguga, karibu na Nairobi, wakati wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali, hutumia kanuni hiyo. Mnyama huchomwa vimelea hai pamoja na dawa ya kuvidhibiti, ili seli zake T zijifunze bila ya yeye kuugua. Imetumiwa na wafugaji wengi wa Kimaasai kaskazini mwa Tanzania.

Kutoka maabara hadi kitandani mwa mgonjwa

Madaktari walikuwa wakiitumia apoptosisi hata kabla ya kuijua vizuri. Dawa za jamii ya steroidi, kama prednisoloni na deksamethasoni, huziamrisha seli changa za kinga kujiua, na ndiyo sababu mojawapo ya kutumiwa kwake kwa watoto wenye saratani kali ya damu. Kwa sababu hiyo hiyo, mtu anayezinunua dukani na kuzimeza kwa muda mrefu bila ya daktari hujidhoofishia kinga.

Dawa nyingine zimebuniwa makusudi. Venetoklaksi, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 2016 kwa aina mojawapo ya saratani sugu ya chembe nyeupe, huifunga protini ya Bcl-2 na kuiondolea seli ngao yake. Kwa watoto wenye hitilafu ya Fas, dawa ya sirolimasi imesaidia kupunguza uvimbe wa tezi na kuzilinda chembe zao za damu.

Wakati mwingine utafutaji wa kifo uliishia mahali pengine. Mwaka 1992 maabara ya Tasuku Honjo huko Kyoto, Japani, ikitafuta jeni za kifo cha seli, iliipata protini iitwayo PD-1. Baadaye ilifahamika kwamba kazi yake kubwa ni kuwa breki ya seli T. Dawa zinazoiachia breki hiyo zimeyabadilisha matibabu ya baadhi ya saratani, na mwaka 2018 Honjo alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na James Allison wa Marekani. Mwaka 2025 tuzo hiyo ilikwenda kwa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi, kwa kazi yao juu ya seli T za usimamizi, ambazo huzidhibiti zile zilizoponyoka katika mtihani wa thaimasi.

Ugumu uliobaki ni wa kulenga. Dawa inayoamuru seli zife haina budi kuzifikia zile zenye hatia na kuziacha zenye kumbukumbu, na dawa inayoachia breki huweza kuzifungulia seli zinazoushambulia mwili. Wagonjwa wanaotumia dawa za kuachia breki ya PD-1 hufuatiliwa kwa karibu kwa sababu baadhi yao hupata uchochezi wa utumbo, wa mapafu au wa tezi ya shingo.

Kwa msomaji wa kawaida, mambo matatu yanafaa kukumbukwa. Tezi iliyovimba isiyopungua baada ya wiki kadhaa yafaa ionwe na daktari. Anayetumia dawa za kupunguza makali ya ukimwi asiziache hata akijiona ana nguvu, kwani virusi vikirudi kuzaana, mauaji ya CD4 huanza tena. Na steroidi zisitumiwe bila ya maelekezo, wala zisikatizwe ghafla na aliyezitumia muda mrefu, maana mwili wake huwa umeshazoea kuzitegemea.